Evening: harusi ya kitajiri, na kitanda kimoja kinachoizidi

Mama mdogo ni nesi mstaafu, na kutazama naye filamu yenye mgonjwa ni kazi. Hatujafika hata robo ya Evening (2007) akaanza: "Huyu mama hajageuzwa tangu asubuhi. Na hizo shuka kazinyoosha nani?" Simlaumu. Muongozaji, Lajos Koltai wa Hungaria, alianzia kwenye upigaji picha, na hapa kila kitu kinang'aa, mpaka kifo. Nesi wa usiku anapomtokea mgonjwa kwenye njozi kavaa gauni la kumetameta, mama mdogo alicheka mpaka akamwaga chai.

Ann (Vanessa Redgrave) yuko siku zake za mwisho, na mdomoni ana jina la Harris. Mabinti zake wawili wanatazamana: Harris ndiye nani? Basi tunarudishwa miaka ya 1950, Newport, Marekani, nyumba ya matajiri kando ya bahari. Rafiki yake Lila anaolewa, Ann ni mpambe wake, na wote wawili roho zao ziko kwa Harris, daktari kijana. Usiku wa harusi unaishia msibani.

Tatizo langu ni huyo Harris. Patrick Wilson sura anayo, hilo halina ubishi, lakini nilitafuta jambo moja la kumfanya mtu amkumbuke hadi kitanda cha mauti, sikuliona. Buddy, kaka yake Lila, mlevi, mropokaji, anayechezwa na Hugh Dancy, ndiye niliyemlilia. Ugomvi wa wale mabinti nao unachosha, ingawa mmoja wao, Natasha Richardson, ni binti wa kuzaa wa Redgrave, na wakikaa karibu unaona.

Hata hivyo itazameni. Si ya kungojea DJ aitafsiri, maneno yake ni ya polepole. Vumilieni mpaka Meryl Streep aingie, karibu na mwisho, akiwa Lila mzee. Lila wa ujana kachezwa na binti wa Streep mwenyewe, Mamie Gummer, kwa hiyo uso ule unapoingia mlangoni umeshauzoea. Anapanda kitandani, analala ubavuni mwa mwenzake, na vikongwe wawili wanaongea habari za harusi ile kama ya juzi. Hakuna muziki wa kukulazimisha ulie kupita sauti zao. Kwa kipande hicho tu naipa nyota tatu kati ya tano. Bila hicho ningeipa moja na nusu.

Mama mdogo hakusema kitu kuhusu shuka tena. Filamu ilipoisha alikaa kidogo, kisha akaniambia, "Bibi yako naye alikuwa anataja jina. Kila usiku, nikimgeuza."

"Jina la nani?"

"La babu yako silo," akasema, akakusanya vikombe akaenda kuosha.