Lagavulin 16: barafu aliiomba nani?

Sikuomba barafu. Hilo lijulikane kwanza. Niliingia baa moja Glasgow, jioni ya wikendi wakati wa baridi, nikaagiza toti ya Lagavulin 16, wiski ya Scotland yenye harufu ya moshi. Mhudumu wa kaunta akajaza barafu kwenye glasi mpaka juu, bila hata kuniuliza. Nikamwambia naitaka kavu. Akacheka, eti watu wa kwetu hawauwezi moshi huu, barafu itanisaidia.

Watu wa kwetu wapi? Mimi nimelelewa Kericho kwa mursik. Kibuyu husuguliwa ndani kwa makaa ya mti wa senetwet, maziwa yanalala humo mpaka yagande, na mtoto anayanywa na moshi wake kabla hajajua kusema. Leo nifundishwe moshi?

Nikaionja hivyo hivyo kwa hasira. Chungu, nyepesi, haina harufu, kwani baridi ilikuwa imeifunga yote. Nusura niandike kwamba Lagavulin ni jina na bei tu.

Kinachoniuma ni kazi iliyomo. Kule kisiwani Islay, Scotland, inakotengenezwa, shayiri ikishachipua hukaushwa kwa moshi wa udongo mweusi wa kinamasi, unaokatwa, ukaanikwa, ukachomwa badala ya kuni. Moshi hunasa kwenye punje, na hautoki: unavuka uchachushaji, unavuka mtambo wa kukeneka pombe, unaingia na pombe kwenye pipa la mwaloni. Sheria ya wiski ya Scotland inadai miaka 3 tu ndani ya pipa. Hii wameilaza 16! Miaka yote hiyo watu wamesubiri, halafu mtu mmoja anaizamisha kabla hujafungua mdomo.

Nikaagiza nyingine (ndiyo, zote mbili nimelipa), safari hii kwa dada aliyekuwa upande wa pili wa kaunta. Akaniletea wiski kavu na kijagi cha maji, bila neno. Nikadondosha matone machache tu. Jamani! Moshi ulinifikia puani kabla glasi haijafika mdomoni. Nyuma yake ikaja harufu ya iodini, ile dawa ya kidonda, kisha chumvi ya bahari, na mwisho utamu wa zabibu kavu uliokaa kooni muda mrefu kweli. Sikutaka kumeza haraka.

Si ya kila mtu, nakubali. Mwenzangu aliinusa tu akairudisha mezani, na kwa bei ile nisingemshauri anayeanza aanzie hapa. Lakini kwa nini nisimshauri? Kumfichia mtu kinywaji kwa kumkisia hawezi ndiyo dharau ile ile niliyofanyiwa mimi. Aanzie hapa hapa, aiagize kavu, maji ajitilie mwenyewe, na akiona mkono wa mhudumu unaelekea kwenye barafu, amzuie.

Wiski naipa tano kwa tano. Baa ile siipi hata moja mpaka wanirudishie pesa ya toti ya kwanza.