Mifuko ya PICS kwa kuwekea mbegu: inafaa, ila ukausheni kwanza mzigo

Wadau mnaouliza kama ile mifuko ya PICS ya kuhifadhi nafaka bila dawa inafaa kuwekea mbegu na sio chakula tu, mi nasema inafaa, tena kwenye mbegu ndo inalipa zaidi, maana mahindi ya kula yakibunguliwa kidogo utapepeta usage maisha yaendelee, ila mbegu mdudu akishakula kiini hapo huna kitu.

Kwa asiyeijua, nje ni kiroba cha kawaida, ndani kuna nailoni mbili nzito. Ilitokea chuo kikuu cha Purdue huko Marekani, profesa Larry Murdock na wenzake walianza na kunde kule Kamerun mwaka 1987, mahindi yamekuja baadaye. Dawa humo hakuna. Wadudu wakifungiwa wanatumia oksijeni mpaka inapungua sana, wanaacha kula, na kinachowamaliza kumbe ni kiu! Yaani yule mdudu wa kunde anaishi ndani ya punje kavu, maji anajitengenezea mwenyewe mwilini na kazi hiyo inataka oksijeni, ikikosekana anakauka. Hao watafiti niliwavulia kofia.

Mi niko Kongwa, Dodoma, natunza mbegu ya kunde na ya mahindi ya Situka, ambayo sio chotara (chotara msijisumbue kurudia, haitoki kama ile ya mwanzo). Kabla ya kupanda nilihesabu punje 100 za kunde nikaviringisha kwenye kitambaa kibichi, zikaota karibu zote, na chini ya mfuko hamna ule unga unga wa wadudu. Za jirani alizoweka kwenye kiroba cha kawaida bila nailoni ukizishika zinapukutika.

Sasa shida ya wengi ni moja, wanadhani mfuko unakausha. Haukaushi! Mbegu ni kiumbe hai inapumua, ukiifungia na unyevu inapata joto na ukungu, halafu mtu anatukana mfuko. Mahindi yawe chini ya asilimia 13. Kama huna kipimo chukua chupa ya soda iliyokauka vizuri, weka punje na chumvi kavu, tikisa, acha itulie, chumvi ikinata kwenye kioo rudisha mzigo kwenye turubai. Tena kwa mbegu usiishie hapo, kuna kanuni ya Harrington wa chuo kikuu cha California pale Davis, kwamba unyevu ukishuka asilimia 1 tu umri wa mbegu unakuwa kama mara mbili. Siku moja zaidi juani ina faida kuliko mnavyodhani.

Kufunga nako kuna kazi yake, unashindilia hewa itoke, unanyonga shingo ya nailoni ya kwanza, unaikunja, unakaza kamba, unarudia ya pili, ndo kiroba. Ukishafunga acha. Mtu wa kufungua kila siku achote ya ugali, hiyo pesa bora anunue sukari.

Mabaya yapo. Panya akitoboa kazi imeisha kwa hiyo weka juu ya chaga mbali na ukuta, na huyu mdudu wa mahindi, dumuzi (skania), ana meno ya kutoboa nailoni kutokea ndani. Bei nayo, huku nimenunua elfu tano mmoja, ila ukiutunza usitoboke unarudi msimu mwingine.

Halafu kuna duka moja la pembejeo huku walinipa wenye nailoni moja, kurudisha naambiwa "dada zote sawa tu hizo". Sio sawa. Hesabu nailoni kabla hujatoa hela, ijaze upepo ukandamize usikilize kama inavuja.

Kwa mbegu kidogo za kilo chache wala usinunue huu, ukijaza nusu hewa inabaki nyingi wadudu wanaendelea kula. Chukua dumu safi lililokauka, jaza mpaka mdomoni, kaza kifuniko.