Uzoefu wangu: sanamu ya familia tuliyochongewa na bwana na bibi wa Tabaka

Wacha niandike hii kitu mara moja, maana kila mtu akiingia kwa mamangu huko Ahero anauliza hiyo sanamu mlitoa wapi na ni pesa ngapi, halafu mimi ndio napigiwa simu. Ni jiwe la Kisii, lile wengine huita jiwe la sabuni, imechongwa na bwana na bibi yake huko Tabaka, kule Kisii, na sisi watoto tulichanga 18,000 ikatosha kazi na usafiri. Nawapa nyota nne kwa tano, hiyo moja iliyobaki nitaeleza ilienda wapi.

Kwanza mjue tofauti. Ukiingia duka lolote la kyurio, yale ya vitu vya watalii, hapa Kisumu utapata sanamu za familia zimepangwa, watu watatu wanne wamekumbatiana, hawana macho hawana pua, zimepakwa rangi na kuchorwachorwa. Si mbaya, nishanunua za zawadi, lakini hiyo familia si ya mtu yeyote. Hawa wawili hawakubali kuanza kazi kama hawajajua watu wako. Na anayeuliza ni mama, yule bibi mchongaji. Mzee wake anakaa kando na kisu chake anakwangua kitu kingine huku akisikiza, mama anakuhoji kama shangazi siku ya kuposa: nyinyi ni wangapi, nani kifungua mimba, nani alikuwa anabebwa mgongoni na nani, baba alikuwa kazi wapi, nani anapika saa hii. Mimi nilikuwa nimeenda nikifikiri nitachagua saizi na rangi nirudi stejini, nikajipata naeleza mambo ya 1989.

Sasa hapa ndipo palininogea. Kwetu baba alikuwa reli Nakuru miaka yetu yote ya shule, anakuja mwisho wa mwezi na mkate na sukari, anakaa kidogo, anarudi. Mzee aliposikia tu baba, akaonyesha na mkono vile atamchonga juu kabisa, mkubwa, amefunika wengine wote, kwa sababu ndivyo inafanywa na kastoma huwa wanapenda. Mama akakataa. Wakaanza Kikisii yao hapo mbele yangu, sielewi neno, ila niliona mama anachukua kipande cha makaa na kufuta kile mzee alikuwa amechora kwa jiwe, mzee anachora tena, mama anafuta tena, wote wanacheka lakini hakuna anayeachia. Mwisho mama akanigeukia kwa Kiswahili akaniuliza, "Wewe sema, huyu baba mlikuwa mnamuona kutoka wapi?" Nikasema tulikuwa tunamuona akitokea njia ya barabarani. Hapo wakanyamaza wote wawili, mzee akazungusha jiwe.

Matokeo ni kwamba ukikaa upande mmoja wa meza unamuona mama na sisi watano tumemng'ang'ania, mmoja mgongoni, mmoja kwa gauni, na baba hayuko kabisa. Zungusha kidogo, anatokea nyuma ya bega la mama, mwembamba, ameinama kiasi, ana mzigo. Si picha yake, hakuna sura, lakini dadangu alipoiona alisema jina la baba kabla hajaambiwa chochote. Mzee wetu mwenyewe, ambaye sasa amestaafu na yuko nyumbani kila siku, alizunguka hiyo meza akijitafuta, alipojipata akauliza mbona amekonda hivyo. Mamangu akamwambia ni mkate ulikuwa mzito.

Kuhusu kazi yenyewe, Tabaka kwa kawaida wanaume ndio wanachimba na kuchonga, wanawake wanapewa kusugua na sandpepa ndani ya maji hadi jiwe liwe laini, halafu polishi. Na duka likiuza, mchongaji ni yule mwanaume, huyo mama wa sandpepa hatajwi hata kidogo ilhali yeye ndiye alitoa kwapa na shingo na ile mikunjo yote unashikashika ukisifu. Kwa hawa jiwe linaenda na kurudi. Mama anachora na makaa, mzee anapunguza na panga na msumeno, mama analichukua kabla hajamaliza, anakwangua anavyotaka, analirudisha. Chini ya sanamu kuna sahihi mbili. Niliuliza kama huwa hivyo, mzee akasema zamani alikuwa anaweka yake peke yake, mpaka wakagombana. Nikakumbuka Christo na Jeanne-Claude, wale wasanii mume na mke waliofunika jengo la bunge Berlin na kitambaa mwaka wa 1995, miaka na miaka kazi ilikuwa inaitwa ya Christo, hadi 1994 ndipo wakasema wazi kazi zao kubwa za nje ni za wote wawili, hata zile za zamani. Kwa hivyo ukienda kupatana bei usiseme ati unalipia kuchonga, kusugua ni ya bure. Kuna jamaa alisema hivyo nikiwa hapo na aliondoka bila kitu.

(Na ukifika huko utaambiwa tu habari za Elkana Ong'esa, mtu wa Tabaka ambaye sanamu yake ya ndege wa amani iko makao makuu ya UNESCO Paris. Sikiza kwa adabu, ni ukweli na wana haki ya kuringa.)

Haya, nyota iliyopotea. Picha za watsapu zilinichanganya. Walikuwa wananitumia picha jiwe likiwa bado limelowa, na jiwe la Kisii likiwa na maji rangi inakolea, ule waridi na mistari ya kahawia inatoka vizuri sana, likikauka linafifia. Polishi inarudisha kiasi, si yote. Itisha picha ya jiwe kavu. Pili walichelewa, mvua ilinyesha mashimo ya mawe yakajaa maji, hiyo naelewa, lakini wangesema mapema badala ya "kesho" kila siku.

Usafiri pia, hapo si makosa yao. Hili jiwe ni zito, kipande cha ukubwa wa pakiti ya lita moja ya maziwa ni karibu kilo 3, sasa piga hesabu. Ilitumwa kama paseli kwa matatu kutoka Kisii, na licha ya nyasi na magunia ikafika na pembe moja imemeguka, hapo kwa mzigo wa baba. Nilipopiga simu yule mama wa Tabaka alinitumia unga wa jiwe lile lile kwa karatasi na kunieleza vile nitachanganya na glu nijaze nisugue. Imeshika, huwezi jua kama hujaambiwa. Lakini kama unaweza, panda gari mwenyewe uipakate, Kisii hadi Kisumu kupitia Oyugis na Sondu si mbali hivyo.

Ikishafika nyumbani usiiweke watoto wanapochezea funguo, jiwe ni laini linakwaruzika. Mafuta pia yanalitia weusi, mkono wa samaki usiguse. Kitambaa chenye unyevu kinatosha, usiweke sabuni ya unga.

Kama unataka kitu cha haraka cha kupeleka harusi wikendi hii, hawa si watu wako, nenda duka la kyurio. Na kama hutaki kuulizwa mambo ya kwenu pia usiende, maana mama hachongi bila hayo. Malipo ni nusu kwanza kwa M-Pesa, nusu ukiona kazi imeisha. Jumamosi usijisumbue kupiga simu, wao ni Wasabato, haitashikwa mpaka jua lizame.