Kadi ya TP-Link Archer TX3000E: Waifai na Bluetooth kwa kompyuta ya mezani

Kwa mwenye kompyuta ya mezani ambayo hadi leo inategemea waya wa mtandao, kadi ya TP-Link Archer TX3000E ninaipendekeza bila kusita, kwa sharti moja tu: kabla ya kutoa fedha zake, afungue kasha la kompyuta na kuutazama ubao mama, yaani ubao mkuu wa saketi. Kadi hii, ambayo kiini chake ni chipu ya Intel AX200, inatoa Wi-Fi 6 (kizazi cha sita cha waifai) na Bluetooth kwa pamoja, lakini huduma hizo mbili hazipiti njia moja. Waifai hupita katika tundu la PCI Express ambamo kadi huchomekwa, ilhali Bluetooth hupita kwa USB, na haiwezi kufanya kazi mpaka waya mwembamba uliomo ndani ya boksi uunganishwe na pini tisa za USB 2.0 zilizo juu ya ubao mama. Anayeona waifai inashika vizuri na Bluetooth haionekani kabisa aanze uchunguzi wake kwenye waya huo. Kichwa cha waya kina tundu moja lililozibwa ili kisiingie kinyume. Kikigoma, kigeuzwe, kisilazimishwe, kwa sababu pini zikipinda ni vigumu kuzinyoosha.

Wanunuzi wa kompyuta za ofisi zilizotumika, zile nyembamba za Dell na HP zilizojaa madukani kwetu, wawe waangalifu zaidi. Urefu wa kadi si tatizo, maana boksi lina kibati kifupi cha kushikia kadi kwenye kasha, cha kubadilisha kwa bisibisi. Tatizo ni kwamba baadhi ya mashine hizo hazina pini za USB za mpangilio wa kawaida, au pini zilizopo zimekwisha kukaliwa na waya za mbele ya kasha.

Kazi yenyewe ni nyepesi. Umeme ukatwe kabisa, mkono uguse chuma cha kasha ili kuondoa chaji, kisha kadi ichomekwe katika tundu lolote la PCI Express lililo wazi, fupi au refu, na ikazwe kwa skrubu. Draiva, yaani programu ya kuiendesha kadi, hupatikana katika tovuti ya mtengenezaji, kwa Windows 10 na 11 za biti 64 pekee. Asiye na njia nyingine ya intaneti achomeke simu yake kwa waya wa USB na kugawa data kwa muda. Watumiaji wa Linux hawana kazi hiyo, kwani chipu hii inatambuliwa tangu kerneli (kiini cha mfumo huo) 5.1 ya mwaka 2019.

Kinachonifurahisha zaidi ni antena zake, ambazo hukaa juu ya kitako chenye sumaku na waya mrefu. Kasha la kompyuta ni chuma, na antena zinazobaki nyuma yake, chini ya meza, hupokea mawimbi kwa shida. Hizi zinaweza kupandishwa juu ya meza au kabati. Bluetooth nayo hutumia antena hizo hizo, kwa hiyo asiyezifunga kwenye kadi atasikia spika za masikioni zikikatika hata akiwa karibu. Kitako kiwekwe mbali na matundu ya USB 3.0, ambayo hutoa kelele katika masafa ya GHz 2.4 yanayotumiwa na Bluetooth, na waifai iunganishwe kwenye GHz 5 ili kuiachia Bluetooth nafasi.

Kuhusu kasi, Mbps (megabiti kwa sekunde) 2402 zilizoandikwa kwenye boksi zinahitaji ruta ya Wi-Fi 6 yenye upana wa chaneli wa MHz 160. Kwa ruta ya Wi-Fi 5 ya kawaida kiungo huishia Mbps 867, na kwa kifurushi cha nyumbani cha Mbps 20 au 50 hiyo ni ziada kubwa. Ambaye ubao wake hauna pini za USB za kutosha anaweza kuitumia kadi hii kwa waifai pekee na kununua kichomekwa kidogo cha USB kwa ajili ya Bluetooth, ingawa kwake kadi ya waifai isiyo na Bluetooth ingekuwa nafuu zaidi.