Airisi ipi ununue ukitaka kuzalisha chotara bustanini

Airisi, mimea ya maua ya bustani, zina spishi karibu 300, na wengi wanaozinunua kwa kuvutiwa na rangi tu hugundua baada ya misimu kadhaa kwamba mimea waliyoichavusha haitoi mbegu, au inatoa miche ambayo nayo ni tasa. Ndiyo maana nimezipanga kwa kigezo kimoja: urahisi wa kuzichavusha kwa mkono na kupata mbegu zinazoota.

Ya kwanza, na imeziacha nyingine mbali, ni airisi ndefu yenye ndevu (vinyweleo vilivyo juu ya petali zinazoning'inia), ile inayozidi sentimita 70. Karibu aina zote za kisasa zina kromosomu (nyuzi zinazobeba urithi ndani ya seli) 48, hivyo huzaana bila taabu, na ua lake ni kubwa kiasi kwamba hata mkono usiozoea hauliharibu. Asubuhi, chukua kwa kibano stameni (kiungo cha kiume chenye chavua) ya ua la baba, kisha paka chavua yake kwenye ule ukingo mwembamba wa stigma (sehemu ya kike inayopokea chavua) ulio juu ya ndevu za ua la mama, ambalo stameni zake umeshaziondoa. Tumba la mbegu hukomaa kwa takriban miezi miwili, na mche huchanua ukiwa na miaka miwili au mitatu. Ni subira ndefu, lakini hakuna ua litakalokupendeza kama hilo. Kabla ya kulipa, bonyeza tunguu (shina nene la ardhini), linalofanana na la tangawizi: likibonyea au kunuka, limeoza.

Ya pili ni airisi ya Siberia, inayofaa udongo wenye unyevu. Muulize muuzaji kama ni ya kundi la kromosomu 28 au 40, kwa kuwa chotara wa makundi hayo mawili kwa kawaida huwa tasa.

Ya tatu ni airisi fupi yenye ndevu, iliyotokana na ile ndefu na Iris pumila, spishi ndogo ya airisi. Ichavushe na fupi wenzake, kwani ukiirudisha kwa ndefu utapata maua mazuri yasiyo na uzao wa kutegemewa.

Ya nne ni airisi ya Japani, kwa mwenye udongo wenye asidi na maji ya kutosha.

Airisi ya Kiholanzi, yenye umbo la kitunguu, nimeiweka mwisho: yafaa kukatwa maua, lakini haizaani na zenye ndevu. Iris pseudacorus, ya manjano, usiinunue kabisa ukiishi karibu na mto au kinamasi, kwa sababu huenea na kuisonga mimea ya asili.