Kumbi za mikutano katika hoteli iliyokarabatiwa: anza na dari, zulia baadaye

Hoteli ya kifahari ya mjini ikishakarabatiwa, kumbi zake hupendeza kweli: zulia jipya, taa za kupunguzwa mwanga, viti visivyoumiza mgongo, vyoo vinavyong'aa. Sifa hizo inazistahili. Ila ukarabati hugusa zaidi kile kinachoonekana. Mifupa ya jengo hubaki ile ile: kimo cha dari, nguzo, lifti ya mizigo, na mara nyingi hata njia za umeme. Shughuli nyingi hukwama kwenye mifupa hiyo.

Tuanze na dari, kwa sababu ndiyo inayoamua idadi ya watu kuliko ukubwa wa sakafu. Ukingo wa chini wa skrini unatakiwa uwe kama mita 1.2 kutoka sakafuni, vinginevyo vichwa vya walio mbele vinaziba maandishi. Dari ikiwa na kimo cha mita 3, inabaki picha ya kimo cha mita 1.5 hivi. Kwa maandishi na majedwali, mtu wa mwisho asikae mbali zaidi ya mara sita ya kimo cha picha, yaani mita 9. Sasa ukumbi huo una urefu wa mita 18. Nusu ya waalikwa wanatazama rangi tu. Dawa ni kuhamishia jukwaa kwenye ukuta mrefu, au kuongeza skrini mbili katikati ya ukumbi. Angalia pia taa kubwa za kuning'inia, fahari ya hoteli za namna hii. Zikishuka mita nzima, zinakata mwanga wa projekta. Uliza kama zinaweza kuvutwa juu, na waombe wazivute mbele yako.

Nguzo hazina dawa. Zinabeba jengo, hakuna fundi atakayeziondoa. Kaa kwenye kiti kilicho nyuma ya kila nguzo, kisha futa kwenye hesabu viti vyote visivyoona jukwaa.

Kipeperushi kikisema ukumbi unachukua watu 250, uliza wamekaaje. Safu za viti bila meza huhitaji kama mita 1 ya mraba kwa mtu, meza za duara karibu 1.5, mpangilio wa darasa 1.8, na umbo la U hufika 2.5 au zaidi. Ukumbi wa mita za mraba 250, ukiondoa jukwaa, njia na meza ya mafundi, ni wa darasa la watu 110 hivi. Meza ya duara yenye kipenyo cha mita 1.8 ni ya watu 10. Wakiwekwa 12 viwiko vinagongana na mhudumu hapati pa kupenyeza sahani.

Kinacholalamikiwa sana ni ukuta wa kusogezwa unaogawa ukumbi mkubwa vyumba viwili au vitatu. Hoteli itakutajia kiwango cha kuzuia sauti kilichopimwa maabara. Ukishajengwa ukumbini, ukuta huohuo huzuia sauti pungufu ya kiwango hicho. Sauti hupita juu ya dari ya mapambo kama hapakujengwa kizuizi hadi kwenye zege, hupita kwenye mifereji ya kiyoyozi, na hupita chini, pale mpira wa kuziba unaposhindwa kukaa vizuri juu ya zulia nene. Jaribio ni rahisi. Zima taa upande mmoja, washa upande wa pili, kisha inama. Ukiona mstari wa mwanga sakafuni au pembeni, sauti nayo itapita hapohapo. Halafu mtu aongee kwa maikrofoni upande wa pili. Mazungumzo ya kawaida hayakuonyeshi chochote. Kama jirani yako siku hiyo ana harusi au muziki, usikubali ukuta huo, hata kama ni mpya.

Umeme nao uukague mwenyewe. Birika kubwa la chai la kilowati 3, kwenye volti 230, linavuta amperi 13. Weka mawili kwenye saketi moja ya amperi 16 na swichi inajizima, mara nyingi ikiondoka na projekta iliyochomekwa jirani. Omba mchoro wa saketi, ulizia kama kuna njia ya fezi tatu (umeme wa kubeba vyombo vizito) karibu na jukwaa, na vyombo vya sauti viwe na saketi yao mbali na taa za jukwaa. Vikichanganywa, spika huunguruma.

Mtu aliyekaa hutoa joto la wati 100 hivi. Watu 200 ni kilowati 20 ndani ya chumba kilichofungwa madirisha. Kiyoyozi kiwashwe saa moja kabla, na kama ukumbi umegawanywa, hakikisha kila upande una kidhibiti chake.

Kwa chai, hesabu foleni. Watu 200 kwenye meza moja, kila mmoja sekunde 10, ni dakika 33. Mapumziko yako ni ya dakika 20. Weka meza mbili zinazofikiwa pande zote mbili; inakuwa chini ya dakika 9. Intaneti ya wageni inatosha barua pepe, ila matangazo ya moja kwa moja yanataka waya wake peke yake.

Mafundi na wapambaji wapime lifti ya mizigo, mlango na urefu wa ndani, kabla hawajatengeneza chochote. Mandhari ya jukwaa isiyoingia hukatwa kwa msumeno kwenye maegesho.

Kwenye mkataba, jambo moja ni la hoteli zilizokarabatiwa peke yake: kazi mara nyingi hufanywa kwa awamu, na ghorofa nyingine bado zinatobolewa. Mlio wa drili husafiri ndani ya zege, ghorofa kadhaa. Andikisha saa ambazo hakuna kutoboa wala kugonga, jina na cheo cha mtu wa kusimamisha kazi hiyo, na punguzo utakalopewa sauti ikisikika ukumbini.