Makaa ya vifuu: matupu, au yaliyonyweshwa kimiminika cha ioni?

Hapa Malindi vifuu vingine huchongwa kata, vingi huishia motoni. Vikichomwa bila hewa, kisha vikapitishiwa mvuke mkali sana, huwa kaboni amilifu: gramu moja yaweza kuwa na eneo la ndani la mita mraba 1,000, kwenye vitundu ambavyo vingi havifiki upana wa nanomita 2 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Kwa anayetaka kuondoa kaboni dayoksaidi kwenye bayogesi ya samadi ibaki methani, ile gesi inayowaka, atumie makaa yapi?

Makaa matupu hunasa gesi kwenye kuta za vitundu, upesi, na huiachia shinikizo likishushwa. Udhaifu wake ni kutochagua sana. Methani nayo hunaswa.

Kimiminika cha ioni ni chumvi iliyo majimaji hata chini ya nyuzi 100, na karibu haivukizi kabisa. Kaboni dayoksaidi huyeyuka humo vizuri kuliko methani. Ila vingi ni vizito kama asali, gesi hupenya polepole. Ndipo makaa yanapokifaa: hutandazwa utando mwembamba vitunduni, safari ya gesi ikafupika. Ukizidisha, vitundu huziba na lile eneo lote unalipoteza. Nalisisitiza hili, kwani ni rahisi kudhani kuongeza ni kuboresha. Na vimiminika vyenye amini, kemikali za jamii ya amonia, huishika kaboni dayoksaidi kwa mmenyuko wa kikemia, hivyo kuiachisha hudai joto.

Tena vimiminika hivi ni ghali. Kwa mtambo wa nyumbani ningechukua makaa matupu, nikaikausha gesi kwanza, maana unyevu hugombania vitundu hivyohivyo.